Picha za Usiku Ziwani: Kamera Mkononi, Bila Flashi

Usiku ule nilipiga picha zaidi ya mia moja. Nilikuwa kwenye mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, mwendo wa saa nzima kutoka mwalo wa Katonga, Kigoma, katika Ziwa Tanganyika, na mbele yangu mvuvi mmoja wa makamo alikuwa akivuta kamba ya wavu, taa ikimpiga ubavuni, maji yakimtiririka hadi viwikoni. Alikuwa ameniomba jambo moja tu: picha ya kumpelekea mama yake, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mwanawe akiwa kazini. Tulipofika nchi kavu asubuhi nikamwonyesha ile niliyoiona bora kuliko zote. Aliitazama kwa muda, akanirudishia kamera.

"Ndugu yangu," akasema, "huyu anaweza kuwa mtu yeyote."

Alisema kweli. Kamba ilionekana, taa ilionekana, lakini uso ulikuwa umevutika kama rangi iliyopanguswa kwa kitambaa. Kosa halikuwa la mawimbi wala la kamera. Nilikuwa nimefundishwa kwamba chenga kwenye picha ni aibu, nikaogopa kupandisha ISO, nikaiacha kwenye 400. Kamera ikabaki na njia moja ya kupata mwanga: kufungua shata kwa muda mrefu. Na katika muda huo mrefu mvuvi alikuwa ameshasogea, mimi nimeyumba, na mtumbwi umepanda na kushuka.

Nayaandika haya kwa yeyote mwenye kamera ya dijitali na hamu ya kupiga picha baada ya jua kuzama, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji au popote penye taa ndogo na watu wengi. Nitasema mengi, lakini msingi wake ni huu: gizani huwezi kupata kila kitu, kwa hiyo amua mapema utakubali kupoteza nini, na kamwe usikubali kupoteza mtu aliye mbele yako.

Kwa nini mkono, si stendi

Vitabu vingi vitakwambia kwamba picha ya usiku inahitaji stendi ya miguu mitatu. Ni kweli ukipiga mandhari: milima, bandari kwa mbali, nyota. Lakini fikiria mahali ambapo maisha ya usiku ya Kigoma yanaendelea. Kwenye mtumbwi, stendi inayumba pamoja na mtumbwi, na miguu yake inawatega wavuvi wanaovuta wavu. Mwaloni alfajiri, watu wanapita mbio na ndoo za dagaa vichwani. Sokoni Mwanga, njia kati ya meza na meza haimtoshi hata mwenye kikapu. Zaidi ya hayo, stendi huituliza kamera tu. Haimtulizi mama anayepima dagaa kwa kopo.

Hapa mkono si chaguo la asiye na uwezo. Ndio unaoingia mahali pembamba, unaofuata mtu, na unaoshuka haraka pale mtu anapoashiria kwamba hataki kupigwa.

Milango mitatu ya mwanga

Mwanga wa picha hupita katika maamuzi matatu. La kwanza ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa f na namba: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. La pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inakaa wazi. La tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata.

Anza na tundu, kwa sababu ndilo linaloongeza mwanga bila kuleta mtikisiko wala chenga. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ile ya milimita 18 hadi 55, hufunguka f/3.5 ukiwa umeirudisha mwisho, na f/5.6 ukiivuta kikamilifu. Lenzi ndogo ya milimita 50 isiyovutika, yenye f/1.8, huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, na iliyotumika hupatikana kwa bei ndogo zaidi. Ukiwa na fedha kidogo, usinunue kamera mpya. Nunua lenzi hiyo. Na kama una lenzi ya kawaida tu, usiivute usiku. Iache kwenye 18, usogee kwa miguu.

Kisha chagua kasi ya shata kulingana na kinachosogea. Kanuni ya zamani inasema kasi isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 50, sekunde 1/50. Kamera nyingi za watu wa kawaida zina sensa ndogo inayokuza mtikisiko, kwa hiyo nenda 1/80. Lakini kanuni hiyo inakulinda na mkono wako tu. Mtu aliyekaa akizungumza anahitaji 1/125. Anayevuta kamba au kupepeta anahitaji 1/250. Kitufe cha kutuliza mtikisiko, kama lenzi yako inacho, kinasaidia upande wa mkono wako peke yake. Hakiwezi kumsimamisha anayetembea.

Baada ya hayo mawili, iache ISO ipande inapohitajika: 1600, 3200, hata 6400. Ndiyo, chenga zitakuja. Lakini picha yenye chenga ina macho, ina makunyanzi, ina uzi uliochomoka kwenye kola ya shati. Ukiichapisha kwa ukubwa wa daftari, chenga nyingi hazionekani tena. Picha iliyotikisika haina dawa. Wala usijidanganye kwa kushusha ISO ukitegemea kuing'arisha picha nyumbani kwenye kompyuta: kivuli kilichopigwa na mwanga mdogo kikivutwa baadaye mara nyingi hutoa chenga mbaya kuliko zile ulizozikimbia. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi faili ghafi, hifadhi hivyo, kwani zinavumilia marekebisho zaidi ya JPEG.

Asiyetaka kuchezea vyote gizani afanye hivi: aweke kamera kwenye M, afungue tundu hadi mwisho, aweke shata 1/125, kisha ISO aiache ijiamue yenyewe na ukomo wa 6400. Mipangilio hiyo itamfikisha kwenye nusu ya safari.

Saa za Kigoma si saa za Dar es Salaam

Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini jua halifuati saa za serikali. Kigoma iko magharibi kabisa, na jua linazama hapa karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mnamo saa moja jioni, wakati mwingine robo saa kabla au baada. Asubuhi ni vivyo hivyo: saa kumi na mbili, watu wa Pwani wakiwa tayari wanaona njia, Kibirizi bado kuna giza na taa zinawaka. Mpiga picha anayetoka Dar akitegemea mazoea yake atafika mwaloni muda usio wake.

Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua hushuka wima na giza huingia upesi. Tangu jua lipotee nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, una dakika 20 hadi 25 za mwanga wa buluu kabla ya usiku kamili. Hizo ndizo dakika za thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu mwanga wa anga na mwanga wa taa vinakaribiana nguvu: uso unaangazwa na taa, na nyuma yake bado unaona maji na mstari wa milima. Dakika 10 baada ya jua kuzama, ISO 800 na 1/125 zinatosha kwa lenzi ya kawaida. Dakika 10 nyingine zikipita, utahitaji 1600 na lenzi ya f/1.8. Usisubiri kamera ikulalamikie. Pandisha kila baada ya dakika chache.

Mwezi nao una ratiba yake, na wavuvi wanaijua kuliko sisi. Dagaa huvutwa na taa, na taa haina nguvu panapo mbalamwezi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika. Ukitaka kuona ziwa limejaa taa, nenda wakati wa giza. Ukitaka sura ya mji na majumba ya Ujiji chini ya mwanga wa anga, nenda mwezi ukiwa mkubwa. Uliza pia kama uvuvi umefunguliwa: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na aliyesafiri kipindi hicho kutafuta taa za wavuvi hakuzikuta.

Mwili wako ndio stendi

Simama mguu mmoja mbele kidogo, magoti yalegee. Kiganja cha kushoto kiwe chini ya lenzi kikiibeba, si pembeni kikiishika. Viwiko vyote viwili vibane mbavu. Jicho liwe kwenye kitundu cha kutazamia na kamera iguse paji la uso. Ukiinyoosha mbele kama simu, umeongeza mtikisiko kwa urefu wa mikono yako. Zungusha mkanda kwenye kiwiko hadi ukaze.

Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bonyeza kitufe polepole kwa ncha ya kidole kama anayekamua chungwa taratibu. Weka kamera kwenye mfululizo na upige picha tatu kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi ya kwanza imetikiswa na kubonyeza, ya mwisho imetikiswa na kuachia, na ya katikati ndiyo tulivu.

Egemea chochote: mwembe, nguzo ya kibanda, mlango, ubavu wa mtumbwi uliovutwa mchangani. Barabara ya Lumumba inayopanda kutoka stesheni kuelekea Mwanga ina miembe ya kutosha kumfanya kila mpiga picha awe na stendi yake. Ukikaa chini, weka viwiko ndani ya magoti, si juu ya mfupa, kwani mfupa juu ya mfupa huteleza. Kwa njia hiyo nimepata picha safi za watu waliotulia kwa 1/30.

Jifunze taa uliyonayo

Pwani ya ziwa hili imepita katika taa nyingi. Wazee walivua kwa mienge ya moto na nyavu za kuchota. Zikaja karabai zenye mlio wake na mwanga mweupe. Leo mitumbwi mingi ina taa za LED zinazokula betri. Sokoni koroboi bado hazijaisha, lakini zinakaa jirani na taa za sola na globu za umeme. Kila taa ina rangi na tabia yake.

Mwanga wa koroboi ni wa manjano iliyokolea. Wa LED mara nyingi una ubuluu. Ukiiachia kamera irekebishe rangi yenyewe, itajitahidi kuifanya koroboi iwe nyeupe, na picha itapoteza joto lililokuvutia. Weka mizani ya rangi kwenye jua la mchana, uone mambo yalivyo, kisha punguza kidogo tu baadaye. Pale taa mbili za rangi tofauti zinapokutana, sogeza miguu mpaka uso wa mtu uangazwe na moja tu.

Taa za umeme wa gridi zinapepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Ukipiga kwa kasi kubwa chini ya globu za bei rahisi, utakuta mistari ya giza imekata picha. Rudi 1/100 au 1/50, mistari itapungua au itaisha. Taa za betri mtumbwini mara nyingi hazina tatizo hilo.

Sasa nyuso. Kamera haijui kwamba ni usiku. Ikiona weusi mwingi, inadhani imekosea na kuung'arisha usiku hadi uwe kijivu. Taa ikiingia ndani ya fremu, inaogopa na kuuzamisha uso. Tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa soko la usiku anza na kutoa moja, kisha angalia uso kwenye kioo cha kamera, si picha nzima. Ngozi yetu nyeusi ni nzuri sana kwenye mwanga wa pembeni: paji la uso, shavu na kidevu vinarudisha mwanga, na vivuli vinabaki na kina. Kwa miaka mingi vifaa vya picha vilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa na kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley. Kwa hiyo usiiamini kamera inapotaka kumng'arisha mama wa Ujiji mpaka afanane na majivu. Pima pale taa inapogusa shavu, uache kivuli kiwe kivuli.

Fokasi ikikataa, usipigane nayo. Elekeza alama ya katikati mahali mwanga unapokutana na giza: ukingo wa kola, ukingo wa kopo, mng'ao ndani ya jicho. Bonyeza nusu, subiri ishike, kisha panga fremu yako. Na uzime kile kitaa kidogo cha kamera kinachosaidia fokasi, maana kinamshtua mtu kabla ya picha.

Flashi nayo iache imezimwa. Inaufuta mwanga uliokuja kuupiga, inaugeuza usiku kuwa ukuta mweusi, na mtumbwini ina hatari ya kweli: anayevuta wavu gizani akipigwa na mwako machoni, hubaki sekunde kadhaa haoni kamba wala ukingo wa chombo.

Ukiwa majini

Kaa, usisimame. Kama injini inaunguruma, usiegemeze viwiko kwenye ubao wa mtumbwi, kwa sababu mtetemo utapanda moja kwa moja hadi kwenye kamera. Uache mgongo na mapaja viumeze. Mtumbwi ukipanda wimbi, juu kabisa hutulia kitambo kidogo kabla ya kushuka, na chini vilevile. Jifunze mdundo huo kwa dakika tano bila kupiga kitu, kisha bonyeza kwenye kituo. Mipangilio yangu sasa ni f/1.8, 1/250 na ISO 6400, mtu akiwa karibu na taa.

Vaa jaketi la kuokolea maisha. Kamera iwe na mkanda shingoni na mfuko usiopitisha maji karibu. Betri ya pili iwe mfukoni. Usiwashe tochi kumulika watu. Nahodha akisema upepo unabadilika, kazi yako imekwisha. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na hakuna picha inayostahili kubishana nalo.

Usiku wa mchana: Gombe

Mwanga hafifu haungoji jioni. Panda boti Kibirizi uelekee kaskazini hadi Gombe, uingie kwenye bonde lenye miti mikubwa saa sita mchana, na kamera yako itadhani jua limezama. Mwaka 1962 mpiga picha Mholanzi, Hugo van Lawick, alitumwa huko na National Geographic kupiga picha za kazi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyekuwa amefika Julai 1960. Alikuwa na mnyama mweusi, kwenye kivuli cheusi, asiyetulia. Filamu za rangi za enzi zile zilikuwa nzito kupokea mwanga: Kodachrome II, iliyotoka mwaka 1961, ilikuwa na unyeti wa 25. Kamera yako ikiwa kwenye 3200 ina unyeti mara 128 ya huo. Tunapolalamikia chenga, tukumbuke hilo.

Gombe flashi hairuhusiwi mbele ya sokwe, kwa hiyo yote uliyojifunza sokoni yanakufaa hapo: tundu wazi, 1/250, ISO juu, na kutoa moja kwenye kitufe cha mwanga ili manyoya meusi yasigeuke kijivu. Subiri ainue uso kuelekea pengo la majani. Mwanga ukigusa jicho, picha ipo.

Hodi kabla ya kamera

Gizani ni rahisi kumwibia mtu picha, ndiyo maana uangalifu uongezeke. Salimia kwanza. Shikamoo kwa wakubwa, habari za kazi kwa wengine, kisha eleza unachofanya huku kamera ikiwa imeshuka. Mwaloni kuna wanaofanya kazi wasiyotaka kuonwa nayo, na kuna waliovuka ziwa wakikimbia vita. Uso wa mtu kama huyo ukienea unaweza kumdhuru. Akikataa, mshukuru uondoke. Bandari na stesheni, ambako reli ilifika mwaka 1914, zina mwanga mzuri wa jioni, lakini ni maeneo ya serikali: omba ruhusa ofisini mchana, usingoje kuulizwa na mlinzi usiku.

Ukishapata picha, irudishe. Ichapishe. Mtu aliyepewa picha yake mkononi atakufungulia mlango mara kumi.

Zoezi la wiki moja

Kabla ya kwenda majini, fanya kazi nyumbani. Washa koroboi au mshumaa mmoja mezani, mketishe ndugu yako pembeni, zima taa nyingine. Piga kwa 1/15, 1/30, 1/60 na 1/125, ukiiacha ISO ijipandishe. Rudia akiwa anakatakata mboga. Zikuze picha kwenye kompyuta, utazame macho tu. Utajua mkono wako mwenyewe unaishia kwenye kasi gani, na hakuna kitabu kinachoweza kukwambia hilo. Fanya hivyo siku saba. Siku ya saba utapanga kamera bila kuitazama.

Mimi nilifanya hivyo, kisha nikarudi Katonga mwezi uliofuata, wakati wa giza, kwenye mtumbwi ule ule. Nilipiga picha chache zaidi safari hii. Ile niliyoichapisha ina chenga tele. Mpiga picha yeyote ataziona kwanza. Mvuvi aliishika kwa vidole viwili ili asiilowanishe, akaisogeza karibu na macho. Hakusema chochote kuhusu chenga. Aliweka kidole kwenye kamba, juu kidogo ya mkono wake, mahali palipofungwa fundo.

"Hapa ndipo ilipokatika," akasema. "Nililifunga mwenyewe hili fundo." Kisha akaifunga picha ndani ya mfuko wa nailoni, akaitia kifuani, kwa ajili ya mama yake.